Majivu na Limau

Juzi nilikuwa jikoni kwangu nasugua sufuria lililoungua maharage. Sabuni ilikuwa imeniishia, nikafanya kama tulivyolelewa: nikachota majivu ya jiko la mkaa, nikakata limau, nikaanza kusugua. Harufu iliponifika puani mkono ukasimama wenyewe. Nikaweka sufuria chini, nikakaa kwenye kigoda. Binti yangu alipita akaniuliza, "Mama, unaumwa?" Nikamwambia siumwi, nimekumbuka tu. Akaenda zake. Watoto wa siku hizi ukiwaambia umekumbuka wanakuacha na kumbukumbu yako, na kusema kweli ni afadhali.

Kwa watu wengine limau ni chai, au kachumbari, au samaki wa kukaanga. Kwangu mimi, limau na majivu pamoja ilikuwa harufu ya msiba, na iliendelea kuwa hivyo mpaka nilipofika miaka tisa.

Nieleze vizuri. Kwetu Old Moshi, kule juu, usharika ulikuwa na bendi ya tarumbeta, wanaume saba na vyombo saba. Vyombo vyenyewe viliachwa na Wajerumani wa misheni, vimebonyea huku na huku, vimeungwa kwa risasi ya kuyeyusha, lakini vililia. Baba yangu mdogo, Elia, ndiye aliyepuliza kile kikubwa kuliko vyote, tarumbeta la besi, lile unalolivaa begani likakuzunguka hadi kiunoni. Lilitundikwa sebuleni kwetu juu ya kabati la vyombo, nasi watoto tuliambiwa tusiliguse. Baba mdogo kabla ya kwenda nalo popote lazima alisugue kwa majivu na limau, kazi ya nusu siku. Mwisho kabisa alisugua kile kikombe kidogo cha kupulizia, ambacho wanabendi wanakiita mdomo, akakifunga kwenye leso na kukitia mfuko wa koti.

Sikukuu walipiga, ndiyo. Lakini Pasaka ni moja na Krismasi ni moja, na misiba kwetu miaka ile ilikuwa haina hesabu. Nyie wa rika langu mnaikumbuka. Watu walikufa vijana wenye nguvu zao, na wakubwa walinong'ona bila kutaja ugonjwa. Kila wiki mbili Baba mdogo alikuwa uani na majivu yake. Halafu mama yangu naye akaugua.

Alipopelekwa hospitali niliambiwa anakwenda kupima tu. Siku ya tatu Baba mdogo akateremsha besi ukutani, akaniita nimsaidie. Nilifurahi kweli. Nilikaa naye uani mchana mzima, yeye anasugua, mimi namkamulia malimau mpaka vidole vikaniwasha. Kesho yake asubuhi mama alikuwa amefariki, na baada ya siku mbili wale wanaume saba walisimama pembeni ya shimo, katikati ya mibuni iliyokuwa imechanua maua meupe, wakapiga ule wimbo wa kuzikia unaopigwa kwetu siku zote. Besi ya Baba mdogo niliisikia tumboni kuliko masikioni.

Hapo nikaunganisha mambo kwa akili zangu za miaka minane. Wakubwa walidhani bendi inakuja kwa sababu mtu amekufa. Mimi nilijua siri: mtu anakufa kwa sababu tarumbeta limeng'arishwa. Na limau la mama nililikamua mimi.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Baba, hata kaburi halijajengewa, alichukua koleo akaenda Mererani kuchimba madini, kama walivyofanya wanaume wengi kahawa ilipokosa bei. Nikabaki na Bibi, mama yake baba, na Baba mdogo ambaye hakuwa ameoa. Bibi ndiye alikuwa nyumba, ndiye alikuwa mtori wa asubuhi na blanketi la jioni. Nililala mgongoni kwake kila siku, na nikiamka usiku nilisikiliza kwanza kama anapumua.

Sasa, mwaka uliofuata, msimu wa baridi, ukungu ukiwa umelala migombani hata adhuhuri huoni nyumba ya jirani, Bibi akaanza kukohoa. Kikohozi kikavu, cha kuanzia chini. Wiki ya kwanza alitembea nacho, wiki ya pili akakaa nacho kitandani. Na siku ya Alhamisi, nikitoka kuchota maji mfongoni, kwenye mfereji unaoteremka kutoka msituni, nikamkuta Baba mdogo amesimama juu ya kiti anateremsha besi ukutani.

"Ndeshi," akaniita, "nichumie malimau."

Nikamwambia yamekwisha.

"Yamekwisha vipi na mti umejaa?"

"Yameoza."

Akanitazama, akacheka kidogo, akaenda kuchuma mwenyewe. Nikabaki mlangoni na ndoo yangu. Harufu ilipoanza kupanda nikakimbia chumbani, nikamshika Bibi mkono. Ulikuwa wa moto.

"Kuna muziki mjini," Bibi akaniambia katikati ya kikohozi. "Jumamosi na Jumapili. Wamekaribisha bendi zote za mlimani na ngoma za kila mahali. Utakwenda na baba yako mdogo. Tangu mama yako aondoke hujacheka, ukacheke huko."

"Na wewe?"

"Mimi nitalala. Mama Ndeonansia wa hapo jirani atakuja kuniangalia."

Sikuamini neno hata moja. Wakubwa walikuwa na tabia ya kukupeleka mbali jambo linapokuja. Muziki wa mjini ulikuwa yale yale ya mama kwenda kupima. Nilijua wananiondoa ili Bibi afe vizuri bila kelele zangu.

Jioni ile Baba mdogo alipokwenda kukata majani ya ng'ombe, koti lake lilikuwa kwenye msumari. Nikatia mkono mfukoni, nikafungua leso, nikautoa mdomo wa besi. Ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani, na wa baridi. Mahali pake nikafunga kokwa la parachichi, ukubwa ule ule, nikairudisha leso ilivyokuwa. Mdomo nikautia kwenye soksi. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: besi bila mdomo hailii, na isipolia Bibi hafi.

Jumamosi tuliteremka alfajiri, tukapanda lori lililokuwa linashusha ndizi. Wanabendi walikaa juu ya mikungu na vyombo vyao mapajani, wakicheka kama vijana. Mimi nilikaa kimya, soksi ya kulia imevimba. Baba mdogo aliniuliza kama mguu unauma, nikasema nimeumwa na siafu.

Mjini nilikuwa nimeshuka mara mbili tu maishani. Jua la kule chini lilinipiga utosini hata kabla hatujafika. Kila duka lilikuwa limetoa spika nje, hili linaimba hivi na lile vile, na katikati yake vijana wameweka kaseti kwenye meza, wengine wamemwaga milima ya nguo za mitumba wanaitana kwa sauti. Ilikuwa miaka ambayo vitu vilikuwa vimeanza kuingia, na sisi tuliotoka kwenye foleni za sukari tulitazama kila kitu mara mbili. Lakini sikuwa na nafasi ya kushangaa. Tulipokaribia uwanja karibu na stesheni ya reli, nikasikia tarumbeta.

Hazikuwa saba, zilikuwa nyingi, kumi za huku, ishirini za kule, kila bendi inajaribu vyombo vyake upande wake wa uwanja. Kama tarumbeta saba zilimtosha mama, hizi zote zilikuwa za nani? Nilitazama watu wanaopita, akina mama wenye vitenge, watoto wenye aiskrimu za fimbo, nikawaonea huruma, maana hawakujua kwamba mji mzima unakufa.

Kulikuwa na mwanamke anauza miwa iliyokatwa vipande, amekaa chini ya mwavuli mweusi. Baba mdogo akaniacha hapo kidogo akasaidie kushusha vyombo. Nikamsogelea yule mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Nani amekufa?"

Alinitazama juu mpaka chini. "Amekufa nani tena? Hapa hajafa mtu. Labda mimi, na jua hili."

"Mbona tarumbeta?"

"Wewe umetokea juu, siyo? Basi kaa hapa ule muwa, uone watu wanavyofurahi." Akanipa kipande na hakutaka hela yangu.

Nikakaa. Nikaona. Na mpaka leo, nimekwenda miji mingi, nimekaa kwenye kumbi zenye viti vya kitambaa, sijaona tena siku iliyonijaa machoni kama ile. Walikuja Wamasai wakaimba kwa koo tu, bila ngoma, sauti inatoka chini kabisa na mtu anaruka kana kwamba ardhi imemsukuma. Wakaja Wapare na ngoma ndefu. Wakaja watoto wa shule, rika langu, wenye vifilimbi na vigoma vya bati, msichana mdogo kabisa ndiye anawaongoza na fimbo yenye utepe mwekundu. Kila kundi lilipopanda jukwaani nilijiambia sasa watu wataanza kulia. Hawakulia. Walipiga vigelegele, wakanunua karanga, wakauliza kundi gani linafuata. Sikujua kama muziki unaweza kuwa mwingi namna hiyo kwa siku moja bila mtu kuzikwa.

Saa tisa hivi bendi yetu ikaenda nyuma ya jukwaa kufanya mazoezi ya zamu yao, iliyokuwa kesho yake mchana. Nilifuata. Baba mdogo akavaa besi, akatoa leso mfukoni, akaifungua. Akaliangalia lile kokwa la parachichi. Akaligeuza. Wenzake wakaangua kicheko wakidhani ni utani, halafu wakaona uso wake.

Walitafuta. Walipekua koti, mfuko wa chakula, walirudi mpaka lilipoegeshwa lori. Walijaribu midomo ya bendi nyingine, lakini besi ile ya Kijerumani ilikuwa na tundu lake peke yake. Huu ulilegea, ule haukuingia. Mwalimu wa bendi, mzee mwenye hasira za karibu, akasema, "Elia, bila besi sisi ni kuku wanalia. Tumeshuka kuja kuaibika?" Baba mdogo akajibu taratibu kwamba alfajiri atapanda nyumbani kuutafuta na kurudi kabla ya zamu. Ni mwendo wa saa tatu kupanda tu, na alikuwa ameshachoka. Nilisimama pale na mguu wangu wa kulia unaniunguza. Nilimpenda Baba mdogo. Lakini Bibi nilimpenda zaidi, nasema ukweli.

Basi akanishika mkono tukaenda kukaa kwenye nyasi, hana la kufanya, akaninunulia soda. Jukwaani walikuwa wamepanda watu wa bendi ya dansi, wenye magitaa na suruali pana. Mmoja wao alikuwa mfupi, shati la maua, ana tarumbeta dogo linalong'aa. Akasogea mbele peke yake, akafumba macho, akaanza.

Nikaimwaga soda. Alikuwa anapiga ule wimbo wa kuzikia, ule wa mama.

Alianza polepole kama tunavyoupiga kwetu. Uwanja ukatulia. Wanaume wakavua kofia, na mbele yangu kuna mwanamke alipeleka mkono kifuani. Alipofika mwisho wa ubeti wa kwanza, pale ambapo makaburini wanaume wanachukua makoleo, ngoma ikaingia nyuma yake. Kisha gitaa. Na yule mtu mfupi, bila kufumbua macho, akaugeuza. Noti zilikuwa zile zile, nilizijua moja moja, nilikuwa nimezisikia nyuma ya kila jeneza. Lakini sasa zilikuwa zinatembea. Akaibeba moja akaizungusha juu, akairusha, akaidaka pengine kabisa ambapo hakuna aliyeitegemea. Watu wakaanza kusimama. Yule mwanamke wa mkono kifuani akaanza kucheza, machozi yanamtoka, anacheza. Wazee wa heshima, washarika watupu, mabega yanakwenda. Mimi nilikuwa nimesimama sijui tangu saa ngapi.

"Baba mdogo, huu si ule wa mama?"

"Ndio huo."

"Nani amemruhusu?"

Baba mdogo alifikiri. Hakuwa mtu wa maneno. "Nani amruhusu?" akasema. "Amejiruhusu mwenyewe."

Neno hilo nimelibeba maisha yangu yote. Wakati ule lakini lilinivunja. Nililia palepale kwenye nyasi, kilio cha mwaka mzima, maana sikuwa nimelia msibani. Nilikuwa naogopa kwamba nikilia watajua ni mimi niliyekamua limau. Baba mdogo akachuchumaa mbele yangu akidhani ni soda. Nikavua kiatu, nikavua soksi, nikamwekea mdomo wa besi mkononi.

Akaugeuza kiganjani. Jukwaani waliendelea kucheza.

"Ukiupiga," nikamwambia, "Bibi atakufa."

Ndipo nikamwaga yote. Limau, mama, kikohozi, siri. Alinisikiliza mpaka mwisho amepiga goti kwenye nyasi zilizolowa soda. Nikaona uso wake unabadilika alipoikumbuka ile siku ya uani, mimi namkamulia.

"Ilikuwa Pasaka," akasema. "Ndeshi, mama, nilikuwa nasugua kwa ajili ya Pasaka. Ilikuwa imebaki siku nne. Msiba ukaingia katikati." Akajifuta uso kwa mkono mmoja. "Mama yako hakuuawa na limau."

Nilimtazama. Sikujua kama ni ukweli au ni yale ya wakubwa.

Naye nadhani aliliona hilo. Mtu mwingine angenipiga, na mwingine angenihubiria. Yeye aliuchukua mdomo wa besi, akaufuta kwenye shati lake, akaurudisha kiganjani mwangu na kunifunga vidole.

"Kaa nao wewe. Kesho zamu yetu ikifika, ukiona ni sawa utanipa. Ukiona si sawa, nitasimama na wenzangu nipige makofi."

"Mwalimu atakasirika."

"Atakasirika na mimi. Nimemzoea."

Tulilala kwa shangazi, Majengo. Mdomo wa besi nilikuwa nao chini ya mto, na kichwani ulikuwa unazunguka ule wimbo wa yule mtu mfupi. Niliujaribu kimoyomoyo polepole, halafu haraka. Polepole ulikuwa mama ndani ya jeneza. Haraka ulikuwa mama akiwa hai, amefunga kitenge, anateremka mfongoni na ndoo, anaimba. Sikujua kama wimbo mmoja unaweza kumbeba mtu namna mbili. Nililala nikiupandisha na kuuteremsha.

Jumapili baada ya ibada tukarudi uwanjani. Zamu ya bendi yetu ikatangazwa kwenye kipaza sauti. Wale wanaume saba wakapanda na makoti yao mazito ya mlimani katika lile jua, na Baba mdogo amevaa besi isiyo na mdomo, amesimama wima kabisa, mikono mitupu tayari kwa makofi. Mwalimu alikuwa amekunja uso. Watu wa mbele wakaanza kunong'ona wakiona tundu tupu. Baba mdogo hakunitafuta kwa macho hata mara moja. Alitazama mbele tu, mpaka leo namshukuru kwa hilo.

Nilifikiri juu ya Bibi kitandani. Nilifikiri juu ya yule mwanamke anayelia huku anacheza. Kama nilikuwa nimekosea, ningerudi jioni nikute turubai uani. Nakuambia sijawahi kuogopa vile tena, hata nilipojifungua. Halafu nikaona mikono ya Baba mdogo inaanza kunyanyuka ipige makofi, na nikashindwa kuvumilia kuiona. Nikakimbia. Nikapita katikati ya miguu ya watu, nikapanda zile ngazi za mbao, nikampa. Mdomo ulikuwa wa moto kwa kushikwa.

"Haya," akasema.

Sikushuka. Hakuna aliyeniambia nishuke. Nilisimama pembeni ya besi wakati wanaume saba wanavuta pumzi pamoja, pumzi ile naisikia sasa hivi, na sauti ilipotoka mbao za jukwaa zilitetemeka chini ya nyayo zangu. Ulikuwa wimbo wa Pasaka, ule ambao msiba wetu uliukatiza. Sauti ya besi ikaniingia tumboni mahali pale pale ilipoingia siku ya mama, lakini safari hii ilipanda, ikapita kifuani, ikanitoka kichwani. Mbele yangu nyuso mia kadhaa zimeinuka, nyuma yao bati za mji, na nyuma ya bati ukungu ulikuwa umefunguka, Kibo imekaa wazi, nyeupe, kimya. Nilidhani imesogea kusikiliza. Na wala sitaki mtu anisahihishe hapo.

Tuliondoka mara tu walipomaliza. Lori lilitufikisha Kiboriloni, kutoka hapo ni miguu. Nilitembea mbele, haraka, sitaki kuongea. Mfongo ulikuwa unateremka pembeni ya njia na maji yake, sisi tunapanda, na hatua zangu zikaanza kuhesabu kitu. Nikawa nakiimba puani bila kujua. Kilirudi tena na tena, kila mara kimejiongeza kidogo. Nikasimama.

"Baba mdogo, huu ni wimbo wa nani?"

"Imba tena."

Nikaimba. Alisikiliza na besi begani.

"Sijawahi kuusikia," akasema. "Utakuwa wa kwako."

Ningefurahi, lakini tulikuwa tumefika kona ya kihamba chetu, shamba la nyumbani, pale ambapo mtu akifa unaona watu barabarani. Hapakuwa na watu. Lakini moshi pia haukuwepo. Nikasimama nikisikiliza kama nilivyosikiliza kila usiku. Migomba ilikuwa kimya. Ng'ombe kimya. Nikahisi dunia inaniinamia.

Halafu Bibi akakohoa.

Nimesikia muziki mwingi, na mwingine nimeutunga mwenyewe. Sijasikia kitu kizuri kama kikohozi kile, kikavu, cha kuanzia chini, kikifuatiwa na sauti ya Bibi inamlaumu Mama Ndeonansia kwa kuweka chumvi nyingi. Nilikimbia nikamrukia kitandani.

"Mmeniletea nini?" akauliza.

Baba mdogo akampa mkate wa boflo. Mimi nikamwimbia. Alikuwa ameketi, blanketi mabegani, anatafuna. Nilipomaliza, akameza kwanza.

"Umeupandisha mlima ukauacha huko huko," akasema. "Mtu akipanda lazima ateremke. Uteremshe."

Huyo ndiye mwalimu wangu wa kwanza wa utunzi, na hakujua kusoma. Nilijaribu kesho yake, na kesho kutwa, na mwaka uliofuata. Nimetunga nyimbo nyingi za kwaya tangu hapo, nyingine huenda umeziimba bila kujua. Ule mmoja ulinikatalia. Ulipanda vizuri, kuteremka ukagoma.

Baba mdogo hakuwahi kulisema jambo lile mbele ya mtu, wala hakunitania nalo. Ila ilikuwa hivi: kila mtu wa nyumbani alipougua, nilikuta mdomo wa besi chini ya mto wangu. Baba aliporudi kutoka Mererani na kifua kibovu, niliukuta. Mama Ndeonansia alipovunjika nyonga, niliukuta, na yeye hakuwa hata ndugu. Nilikaa nao mpaka mgonjwa aliponyanyuka, halafu namrudishia Baba mdogo, naye anautia mfukoni, basi. Nilikuwa nimeshakuwa msichana mkubwa, nimeshaacha kuamini, na bado niliupokea.

Nilikuwa mwalimu, nina mume na mtoto, nilipopigiwa simu kwamba Bibi yuko vibaya. Nilifika jioni. Baba mdogo alikuwa mlangoni, nywele nyeupe, amekonda. Hata shikamoo yangu hakuingoja. Akanitia mdomo wa besi kiganjani, akanifunga vidole vile vile.

Nilikaa nao siku tatu pembeni ya kitanda. Siku ya tatu Bibi alifumbua macho, akautazama mkono wangu.

"Umeshika nini tangu juzi?"

Nikamwambia. Kwa mara ya kwanza, baada ya miaka yote ile, nilimwambia kokwa la parachichi, na soksi, na jukwaa. Bibi alicheka mpaka kikohozi kikamshika, na mimi nikacheka naye, nikiwa nimemshika mgongo mwembamba ule nilioulalia.

"Kumbe umenikalia mlangoni muda wote," akasema. Akapumzika. "Sasa mpe Elia kazi yake. Na ule wimbo, umeuteremsha?"

"Bado, Bibi."

"Uteremshe. Nimechoka kukaa huko juu."

Alfajiri alikuwa ametutoka. Nilikaa kidogo nikimshika mkono, na niliposimama kwenda uani wimbo ulikuwa unateremka wenyewe, hatua kwa hatua, mpaka chini. Baba mdogo alikuwa ameshatoa besi, ameiweka magotini, anasubiri, hathubutu kuniomba. Nikamrudishia mdomo wake. Kisha nikaenda kwenye mti, nikachuma malimau, nikachota majivu jikoni, nikakaa naye, nikaanza kukamua.